Tochi ya trafiki

Tochi ya trafiki (kwa kifupi tochi) ni jina ambalo madereva wa Tanzania wamekipa kifaa cha mkononi kinachotumiwa na askari wa Kikosi cha Usalama Barabarani kupima mwendokasi wa magari. Kwa lugha rasmi huitwa kipima mwendo au kamera ya kupima mwendo. Dereva aliyenaswa akizidisha mwendo husemwa kuwa "amepigwa tochi".

Tochi hutumia ama mawimbi ya redio (rada) ama mwanga wa leza. Katika nchi mbalimbali vimebuniwa pia vifaa vya kuikwepa, na kinachojulikana zaidi kwa tochi za leza ni kivuruga leza, ambacho hufungwa kwenye gari ili kuizuia tochi isipate kipimo.

## Jina

Jina "tochi" limetokana na namna kifaa kinavyoshikwa. Askari hukielekeza kwa gari linalokuja kama mtu anayemulika kwa kurunzi. Tofauti ni kwamba mwanga wa tochi ya leza hauonekani kwa macho, na rada haitoi mwanga kabisa.

## Historia

Msingi wa rada ya kupimia mwendo ni badiliko la mawimbi lililoelezwa na mwanafizikia wa Austria Christian Doppler mwaka 1842. Sauti ya honi ya basi linalokaribia husikika nyembamba zaidi, kisha huwa nzito basi likishapita. Hali hiyohiyo huyapata mawimbi ya redio yanayogonga gari linalotembea na kurudi. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia rada ilianza kutumika barabarani nchini Marekani. Mji wa Glastonbury katika jimbo la Connecticut ulikuwa kati ya mahali pa kwanza kuijaribu, mwaka 1947.

Leza ya kwanza iliundwa na Theodore Maiman huko California mwaka 1960. Vipima mwendo vya leza vilianza kuwafikia polisi miaka karibu 30 baadaye. Nchini Tanzania tochi zilienea zaidi katika miaka ya 2010, hasa kwenye barabara kuu zinazounganisha mikoa.

## Jinsi tochi inavyopima

### Tochi ya rada

Tochi ya rada hutuma mawimbi ya redio na kupokea yale yanayorudi. Gari linapokaribia, mawimbi yanayorudi huwa na masafa ya juu kidogo kuliko yaliyotumwa, na kifaa hugeuza tofauti hiyo kuwa kilomita kwa saa. Udhaifu wake ni kwamba mawimbi hutawanyika. Kwa umbali wa mita mia kadhaa huweza kufunika magari yote yaliyo barabarani, na askari huhitaji ujuzi ili ajue kipimo ni cha gari gani.

### Tochi ya leza

Tochi ya leza hutuma mwanga wa infraredi kwa vipande vifupi sana vinavyoitwa mipigo. Urefu wa wimbi la mwanga huo ni takriban nanomita 905, ilhali jicho la binadamu huona kati ya nanomita 400 na 700 hivi. Mipigo hugonga gari na kurudi kwenye lenzi ya kifaa, nacho hupima muda uliotumika.

Mwanga husafiri karibu mita 300,000,000 kwa sekunde. Gari likiwa umbali wa mita 300, mwanga husafiri mita 600 kwenda na kurudi, na muda wake ni sehemu 2 za milioni za sekunde. Kipimo kimoja hutoa umbali tu. Ili kupata mwendo, kifaa hupima umbali mara nyingi mfululizo. Kwa mfano:

* Kipimo cha kwanza: gari liko mita 300.
* Baada ya sekunde 0.3: gari liko mita 294.
* Tofauti: mita 6 kwa sekunde 0.3, yaani mita 20 kwa sekunde.
* Mita 20 × sekunde 3,600 ÷ 1,000 = kilomita 72 kwa saa.

Mwali wa leza hautawanyiki sana. Kwa umbali wa mita 300 upana wake ni kama mita 1, kwa hiyo askari anaweza kuchagua gari moja katika msururu. Kwa kawaida hulenga kibao cha namba au taa za mbele, kwa sababu sehemu hizo hurudisha mwanga vizuri. Tochi zenye kamera hupiga pia picha inayoonyesha gari, mwendo, tarehe na saa.

### Mambo yanayoathiri kipimo

* Pembe. Tochi iliyo pembeni mwa barabara huona sehemu tu ya mwendo wa gari. Pembe ikiwa nyuzi 20, gari la kilomita 80 kwa saa husomwa kama 75. Kosa hili humpa dereva nafuu.
* Mkono kuyumba. Mwali ukiteleza kutoka sehemu moja ya gari hadi nyingine wakati wa kupima, umbali hubadilika bila gari kuwa limesogea kiasi hicho. Vifaa vingi hukataa kipimo cha namna hiyo na kuonyesha kosa.
* Hali ya hewa. Ukungu, mvua na vumbi hudhoofisha mwanga. Kwenye miteremko ya Meru ukungu ni wa kawaida katika miezi ya baridi ya Juni na Julai.
* Ukaguzi. Kifaa kinahitaji kuhakikiwa kila baada ya muda ili kipimo chake kiaminike.

## Sheria nchini Tanzania

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 (Sura ya 168) inaweka ukomo wa kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi. Magari makubwa ya biashara na ya abiria yenye uzito unaozidi kilo 3,500 hayaruhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa hata nje ya maeneo hayo. Eneo la makazi huanza kwa kibao cha duara chenye namba 50 na huishia kwenye kibao kinachofuta ukomo huo. Madereva huliita eneo lote kwa kifupi "hamsini".

Dereva aliyepimwa akizidisha mwendo huandikiwa faini ya papo kwa papo, ambayo kwa gari imekuwa shilingi 30,000 kwa kosa. Malipo hufanywa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, si kwa fedha taslimu mkononi mwa askari. Asiyekubali kosa ana haki ya kukataa faini hiyo na shauri lake kupelekwa mahakamani.

## Arusha na Mlima Meru

Barabara kuu ya kutoka Arusha kwenda Moshi, yenye urefu wa takriban kilomita 80, inapita chini ya miteremko ya kusini ya Mlima Meru (mita 4,566). Ardhi ya volkano na mito mingi imefanya eneo hili kuwa na watu wengi. Ukitoka mjini unapita Tengeru, Usa River, Maji ya Chai na Kikatiti, na makazi yanafuatana kwa karibu sana. Dereva hutoka kwenye "hamsini" moja na baada ya muda mfupi huingia nyingine.

Mito inayoshuka mlimani, kama Themi, Nduruma na Usa, imeifanya barabara iwe na mabonde. Gari hushuka hadi darajani, kisha hupanda. Katika mteremko gari huongeza mwendo lenyewe hata kama dereva hajakanyaga mafuta, na asiyeangalia dashibodi huweza kufika chini akiwa amepita 70.

Upanuzi wa barabara kutoka Sakina hadi Tengeru (kilomita 14.1) kuwa njia mbili kila upande, pamoja na ujenzi wa barabara ya mchepuo ya kilomita 42.4 inayopita kusini mwa jiji, umepunguza foleni. Lakini barabara pana humshawishi dereva aende kasi, na kwa mwenda kwa miguu ni ndefu zaidi kuvuka. Wanaovuka ni wanafunzi wa shule zilizo kando ya barabara, akina mama wanaopeleka ndizi na mboga katika soko la Tengeru siku za Jumatano na Jumamosi, na abiria wanaoshuka kwenye vifodi, jina la wenyeji kwa mabasi madogo ya daladala. Barabara hiyohiyo hutumiwa na malori ya mizigo, mabasi ya mikoani, bodaboda na magari ya watalii yanayowahi hifadhini au uwanja wa ndege wa Kilimanjaro.

Ajali mbili za mkoa huu zinakumbukwa zaidi. Tarehe 6 Mei 2017 basi la Shule ya Msingi Lucky Vincent ya Arusha lilitumbukia korongoni eneo la Rhotia, wilayani Karatu, na kuua wanafunzi 32, walimu 2 na dereva. Tarehe 24 Februari 2024 lori liligonga magari mengine eneo la Kibaoni, Ngaramtoni, kwenye barabara ya Namanga, na watu 25 walifariki. Polisi walisema lori hilo lilishindwa breki. Ajali kama hiyo ya pili inaonyesha mpaka wa kazi ya tochi: inapima mwendo tu, haikagui breki.

## Njia za kukwepa tochi

### Ishara za madereva

Afrika Mashariki njia ya kawaida zaidi haihitaji kifaa chochote. Dereva aliyepita tochi humwashia taa anayekuja upande wa pili, au humwonyesha ishara ya mkono. Makondakta hupigiana simu, na wengine hutumiana ujumbe kwenye makundi ya WhatsApp. Matokeo yake ni kwamba magari hupunguza mwendo mbele ya askari na kuuongeza tena baada ya kumpita.

### Kitambuzi

Kitambuzi cha rada au cha leza ni kipokezi kinachomwonya dereva kwa sauti au taa kwamba kuna tochi. Kwa rada onyo huweza kuja mapema, maana mawimbi husambaa mbali. Kwa leza huwa limechelewa: mwali mwembamba ukishakigusa kitambuzi, gari limeshaanza kupimwa, na kipimo chote huchukua chini ya sekunde moja.

### Kivuruga leza

Kivuruga leza kilibuniwa kuziba pengo hilo. Kinapopokea mipigo ya tochi, hujibu mara moja kwa kutuma mipigo yake ya infraredi yenye urefu wa wimbi uleule. Tochi hushindwa kutofautisha mwanga uliorudi kutoka kwenye gari na ule wa kivuruga. Vipimo vya umbali havifuatani, na kioo chake huonyesha alama ya kosa au hakionyeshi kitu.

Kifaa kina sehemu kuu tatu:

* Vichwa. Hivi ni visanduku vidogo vyenye diodi za kupokea na kutuma mwanga. Huwekwa mbele, kwenye shoo au bampa, pande zote mbili za kibao cha namba na karibu na taa, kwa kuwa huko ndiko tochi hulenga. Gari kubwa huhitaji vichwa vingi kuliko gari dogo. Vingine huwekwa nyuma.
* Kisanduku cha kuongozea. Hukaa ndani ya gari na huunganishwa na vichwa kwa nyaya zinazopita ukuta wa injini. Hupata umeme wa volti 12 kupitia fyuzi.
* Swichi na spika. Humjulisha dereva kuwa amelengwa, naye hutakiwa kupunguza mwendo na kukizima kifaa haraka, kabla askari hajashtuka.

Ufungaji wake ni kazi ya fundi umeme wa magari na unahitaji usahihi mkubwa. Vichwa lazima vitazame mbele moja kwa moja, vikiwa sambamba na barabara. Kikiinama nyuzi chache tu, mwanga wake huangukia lami au hupita juu ya tochi. Tope, vumbi na wadudu wanaoganda kwenye lenzi hukifanya kipofu, tatizo ambalo mtu anayepita barabara za vumbi za Arumeru au Monduli angekutana nalo kila siku.

Hata kikifungwa vizuri, kivuruga leza kina mipaka:

* Hakifanyi kitu kwa tochi ya rada.
* Tochi mpya hubadilisha mpangilio wa mipigo yake, na kivuruga ambacho programu yake haijasasishwa hushindwa.
* Tochi inayogoma kusoma gari moja tu, huku ikisoma mengine yote, humpa askari sababu ya kulisimamisha na kulikagua.
* Magari ya kisasa yenye vipima umbali vya leza huweza kukiamsha kivuruga bila sababu.
* Hakiwezi kudanganya mfumo wa setilaiti uliofungwa ndani ya gari lenyewe.

### Kivuruga leza mbele ya sheria

Nchini Marekani kivuruga rada kimepigwa marufuku na sheria ya nchi nzima, kwa kuwa huingilia mawimbi ya redio. Kivuruga leza hutuma mwanga, hivyo kila jimbo limeamua lenyewe. California, Texas na Virginia ni kati ya majimbo yaliyokipiga marufuku. Nchini Uingereza kukitumia huweza kuhesabiwa kuwa ni kupotosha mwenendo wa haki. Mwaka 2018 dereva mmoja aliyekuwa nacho alihukumiwa kifungo cha miezi 8 na mahakama ya Teesside. Baadhi ya wauzaji hukiita "kisaidizi cha kuegesha gari", lakini jina hilo halibadilishi kazi yake.

Nchini Tanzania matumizi ya masafa ya redio yako chini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), kwa Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, na hilo linagusa vivuruga vya rada. Kwa kifaa cha aina yoyote, Kanuni ya Adhabu (Sura ya 16) inafanya kuwa kosa kumzuia kwa makusudi askari polisi anayetekeleza wajibu wake.

## Jambo ambalo kivuruga hakibadilishi

Kivuruga hubadilisha kile ambacho askari anakisoma. Hakibadilishi mwendo wa gari wala umbali linaohitaji ili lisimame. Umbali huo una sehemu mbili: ule unaopita kabla dereva hajakanyaga breki (hapa tuchukue sekunde 1), na ule wa breki zenyewe (kwenye lami kavu na breki nzima, mwendo hupungua kwa karibu mita 7 kwa sekunde katika kila sekunde).

| Mwendo | Kabla ya breki | Wakati wa breki | Jumla |
|---|---|---|---|
| km 50 kwa saa | mita 14 | mita 14 | mita 28 |
| km 80 kwa saa | mita 22 | mita 35 | mita 57 |

Chukua mfano wa mwanafunzi anayeingia barabarani mita 30 mbele ya gari. Dereva wa kilomita 50 husimama akiwa amebakiza mita 2. Dereva wa kilomita 80 hutumia mita 22 kabla breki hazijashika, na katika mita 8 zilizobaki mwendo wake hushuka kidogo tu. Anamfikia mtoto akiwa bado na kilomita 70 hivi kwa saa. Kwenye lami yenye maji, au kwa lori lililobeba mzigo, umbali huwa mrefu zaidi.

Nishati ya gari nayo huongezeka kwa kipeo cha pili cha mwendo. Kutoka 50 hadi 80 ni ongezeko la asilimia 60 la mwendo, lakini nishati ya kugonga huwa zaidi ya mara 2.5.

Muda unaookolewa ni mdogo. Katika "hamsini" yenye urefu wa kilomita 2, dereva wa kilomita 50 hutumia sekunde 144, na wa kilomita 80 hutumia sekunde 90. Tofauti ni sekunde 54.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa watu milioni 1.19 hufa kila mwaka katika ajali za barabarani duniani, na kwamba ajali hizo ndizo sababu kuu ya vifo kwa watu wa umri wa miaka 5 hadi 29. Kwa makadirio yake, kila ongezeko la asilimia 1 la mwendo wa wastani huongeza hatari ya ajali ya kuua kwa takriban asilimia 4.

## Malalamiko kuhusu tochi

Madereva wametoa malalamiko mengi kuhusu matumizi ya tochi, na baadhi yamefika hadi bungeni. Yanayorudiwa zaidi ni haya:

* askari kujificha vichakani au nyuma ya miti badala ya kuonekana;
* picha kutumwa kwa simu kwa askari aliye mbele, hivyo dereva kusimamishwa mbali na mahali alipopimwa;
* vibao vya 50 kung'olewa, kufunikwa na matawi, au eneo kukosa kibao cha mwisho;
* tochi kuonekana kama chanzo cha mapato kuliko kinga ya ajali;
* rushwa.

Wanaotetea tochi hujibu kuwa askari anayeonekana kutoka mbali hupunguza mwendo pale aliposimama tu, na kwamba asiyezidisha mwendo hana cha kuogopa. Hata hivyo hoja ya vibao ina uzito, kwa kuwa dereva mgeni hawezi kujua pale ukomo unapoanza na kuishia bila alama. Dereva anaweza kuomba kuonyeshwa kipimo na picha ya gari lake kabla ya kukubali kosa.

## Njia nyingine za kudhibiti mwendo

Matuta na vivuko vilivyoinuliwa karibu na shule hufanya kazi mchana na usiku bila askari, na hakuna kivuruga kinachoweza kulidanganya tuta. Shirika la Amend, lililoboresha barabara za kuzunguka shule katika miji ya Afrika ikiwemo Dar es Salaam, lilipata tuzo ya kimataifa ya miji ya taasisi ya WRI mwaka 2019 kwa kazi hiyo.

Kwa mabasi ya mikoani, Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA) hutumia mfumo wa kufuatilia magari (VTS), ambao hurekodi mwendo wa basi safari nzima. Nchini Kenya kanuni zilizosimamiwa na waziri John Michuki, zilizoanza kutekelezwa mwaka 2004, ziliyalazimisha matatu kufungwa vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa. Katika nchi zote mbili vifaa hivi navyo vimechezewa na baadhi ya madereva.

## Tazama pia

* Arusha (mji)
* Mlima Meru
* Leza
* Rada
* Daladala